Dawa za sonona hubadilisha nini: hisia au imani?

Dawa za sonona huandikiwa mtu ambaye moyo wake umezama kwa majuma na kuinuka kumemshinda: usingizi umepotea, chakula hakipiti, na alichokuwa akikipenda hakimvutii tena. Neno lenyewe lina mzizi mmoja na kusononeka, ingawa si kila anayesononeka ana sonona.

Kinachowatatiza wengi ni hiki: mgonjwa husema "maisha hayana maana" kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyepiga hesabu akapata jibu. Kama hiyo ni imani, kidonge kitaibadilishaje? Kidonge hakibishani na mtu.

Chukua ujumbe mmoja wa simu: "Umeamkaje leo?" Umetoka kwa rafiki. Anayeusoma akiwa amejifunika shuka saa tano asubuhi anaona huruma tu: ananiandikia kwa sababu nimekuwa mzigo. Anaigeuza simu kifudifudi. Majuma sita baadaye, akiwa ameanza dawa, unakuja ujumbe uleule, hata herufi haijabadilika, naye anasoma: nimekumbukwa.

Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu mwenye sonona hujihukumu vibaya mwenyewe, huuhukumu vibaya ulimwengu na kesho yake pia. Kumbukumbu nazo hufuata hali ya moyo. Aibu ya miaka kumi iliyopita inakuja bila kuitwa, ilhali siku njema hata zikitafutwa hazionekani. Huenda basi mgonjwa anajumlisha sawasawa. Kasoro ni kwamba tarakimu alizoletewa ni za upande mmoja.

Fluoksetini, mojawapo ya dawa hizi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia seli za neva zisiirudishe haraka ndani yake serotonini zilizoitoa, yaani kemikali ambayo seli hizo hupelekeana ujumbe kwayo. Kazi hiyo huanza ndani ya saa chache, lakini moyo huchukua majuma kadhaa kuinuka. Ndiyo maana ile hadithi nyepesi ya "serotonini imepungua, tuijaze" hainiridhishi. Maelezo yenye mashiko zaidi kwangu ni kwamba dawa huanza kwa kubadilisha namna ubongo unavyosoma vitu vidogo, kama uso wa mtu au sauti yake, na imani hufuata polepole, kadiri mambo yaliyosomwa upya yanavyolimbikizana.

Hapo dawa haijathibitisha kwamba maisha yana thamani. Deni lipo palepale, na upweke pia. Tena wapo ambao dawa ya kwanza haiwafai, na wengine hulalamika kwamba hisia zote zimepooza, furaha ikiwemo.

Majuma ya mwanzo yanataka uangalizi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo mwaka 2004 kwamba kwa watoto na vijana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24. Mawazo hayo yakimjia mtu wa umri wowote, amwambie aliye karibu naye na amwone daktari siku hiyohiyo. Dawa pia haiachwi ghafla, maana kuiacha hivyo huweza kuleta kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Daktari huipunguza kidogokidogo.

Nafuu ikija, mara nyingi mgonjwa si wa kwanza kuiona. Huiona yule rafiki, anayeshangaa kwamba safari hii amejibiwa.