Harufu Ile Si ya Salfa

Kila tunapoendesha mafunzo ya elementi kwa wananchi, mimi hupitisha kipande cha salfa wakinuse. Wengi huanza kwa kurudisha uso nyuma, wakitarajia uvundo wa yai viza ambao watu husema ni wa salfa. Wakishajipa moyo wananusa, wananusa tena, kisha wanatazamana: kumbe hakinuki! Ni kijiwe cha njano, chepesi, kinachovunjika upesi. Kifumbate kiganjani ukisogeze sikioni, utasikia kikialika taratibu, kwa sababu joto la mkono linazipasua fuwele zake.

Salfa ni elementi namba 16. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 115 za Selsiasi na huwaka kwa mwali wa buluu. Jina lake la zamani kwa Kiswahili ni kiberiti, kutoka Kiarabu, hivyo “moto na kiberiti” wa kwenye Biblia haukuwa wa kuwashia jiko. Njiti zetu zilirithi jina hilo tu. Na kile kinachokereketa pua ukiwasha njiti ni salfa dioksaidi, yaani salfa iliyokwisha kuungua.

Basi ule uvundo wa yai viza unaowapokea wageni kwenye chemchemi za moto za Rotorua, New Zealand, au kwenye mabafu ya kale ya Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, unatoka wapi? Ni gesi ya haidrojeni salfaidi, yaani salfa iliyoungana na haidrojeni. Penye volkano hupanda kutoka kwenye miamba ya moto. Kwingineko hutengenezwa na bakteria waishio chini ya ardhi pasipo oksijeni, ambao hutumia salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) iliyoyeyuka majini. Maji yakifika juu na kukutana na hewa, sehemu ya gesi hiyo hugeuka chembe laini za salfa. Ndiyo maana chemchemi nyingine zina weupe kama wa maziwa. Kusatsu, Japani, maji hupitishwa kwenye mifereji ya mbao ili yapoe, na masalia ya salfa hukusanywa humo. Maji hayo yana asidi kali, pH yake (kipimo cha ukali wa asidi, ambapo 7 ni maji safi) ni kama 2.

Ninalotaka likumbukwe zaidi ni hili: pua si mlinzi wa kutegemea. Huitambua gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni, lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni, uwezo wa kunusa hufa ndani ya dakika chache. Mtu hudhani hewa imesafika kumbe imezidi kuchafuka. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, palepale kichwa cha mwogaji kilipo. Rotorua watu wamewahi kufa kwayo ndani ya vyumba. Bafu la ndani lisilo na madirisha wala matundu ya hewa, usiingie. Kichwa kikianza kuuma au macho kuwasha, toka nje.

Kuhusu tiba, nitasema kwa kifupi. Joto la maji hulegeza viungo, na marhamu ya salfa kweli hutibu upele. Lakini kuoga kwenye chemchemi si mbadala wa dawa ulizoandikiwa.

Vua pia pete ya fedha kabla ya kuingia, maana itapigwa weusi wa fedha salfaidi. Ikishatokea, iweke juu ya karatasi ya alumini ndani ya maji ya moto yenye magadi ya kupikia. Salfa itahamia kwenye alumini na weusi utatoka. Dhahabu safi haibadiliki. Yako ikifubaa, ujue imechanganywa na fedha au shaba.