Fimbo haitulizi mlipuko wa mtoto mwenye usonji

Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi kwenye makundi ya WhatsApp: mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisi) anayejitupa chini na kupiga mayowe anadeka tu, mchape atanyooka. Si kweli, na ukikufikia tafadhali usiusambaze. Mara nyingi mlipuko huo ni wa mtoto aliyezidiwa na yanayomzunguka: kelele za mashine ya kusaga, lebo ya shati inayokwaruza shingo, ratiba iliyobadilika ghafla.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Kwa wiki mbili andika daftarini kila tukio: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Anayedeka kwa kawaida hukuangalia kama unamwona, na akipewa anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa haachi hata ukimpa. Huyo mpeleke penye utulivu, punguza maneno, ondoa vitu vya kujiumizia, kaa karibu, subiri. Kumfundisha kuje baadaye.

Kinachowapoteza watu ni kwamba akichapwa, mtoto hunyamaza kweli. Hunyamaza kwa hofu au uchovu. Chanzo kipo palepale, na mlipuko hurudi, pengine kwa kujing'ata. Tabia ikibadilika ghafla, mpeleke kwanza akaguliwe masikio, meno na tumbo, maana wengi hawana maneno ya kusema wanaumwa wapi.