Kipeo kisipokuwa x tupu: kanuni ya mnyororo katika funksheni za e

Mimi ni mwanafizikia wa tiba, na kosa ninalolisahihisha mara nyingi kwa wanafunzi wangu ni kukitazama kipeo cha e (namba isiyobadilika, takriban 2.718) kana kwamba daima ni x tupu. Kwamba derivativu ya eˣ, yaani kasi yake ya kubadilika, ni eˣ yenyewe wote wanalijua. Wanakwama pale kipeo chenyewe kinapokuwa funksheni nyingine.

Tuchukue iodini 131, inayotumika kutibu maradhi ya tezi ya thairoidi na ambayo unururishi wake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8 hivi. Chupa ikianza na megabekereli 400 (megabekereli ni kipimo cha unururishi), baada ya siku t zitabaki A = 400e^(−0.0866t), ambapo 0.0866 ni logi asilia ya 2, yaani 0.693, ikigawanywa kwa 8. Hapa pana matabaka mawili: la nje ni e^u, na la ndani ni u = −0.0866t. Derivativu ya la nje ni e^u ileile, ya la ndani ni −0.0866, na kanuni ya mnyororo inatutaka tuzizidishe, tupate dA/dt = −34.6e^(−0.0866t). Kwa hiyo t ikiwa 0, unururishi unapungua kwa kasi ya megabekereli 34.6 kwa siku. Upungufu halisi wa siku ya kwanza ni 33.2, kidogo chini ya hapo, kwa kuwa kasi yenyewe nayo inashuka kadiri saa zinavyopita.

Mwanafunzi mmoja aliniletea jibu lisilo na −0.0866. Nilimwomba alisome kwa maneno, naye akajikuta anasema kwamba dawa iliyo ndani ya chupa iliyofungwa inaongezeka kwa megabekereli 400 kwa siku. Mwingine alikishusha kipeo na kukipunguza moja, kama afanyavyo kwa x³, ilhali njia hiyo ni ya kipeo kisichobadilika.

Namba ile ya ndani, −0.0866, ndiyo inayobeba kipimo cha muda. Ukihesabu kwa saa, 0.0866 inakuwa 0.0036, na kasi inakuwa megabekereli 1.44 kwa saa. Zidisha kwa 24 utarudi kwenye 34.6.

Funksheni 2ˣ haihitaji kanuni mpya, maana ni e^(0.693x), na derivativu yake ni 0.693 × 2ˣ. Ila usizoee kutoa namba tupu kila mara: kwa e^(−t²), kinachotoka ndani ni −2t, nacho hubadilika pamoja na t.