Fainali ya 1999 haikuwa ya mabingwa wawili waliofuzu kwa mataji

Wapo mashabiki wanaoamini kwamba Manchester United na Bayern München, zilizokutana Camp Nou tarehe 26 Mei 1999, zilifuzu Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa kutwaa ubingwa wa nchi zao. Sivyo. Ubingwa wa msimu wa 1997/98 ulikwenda kwa Arsenal na Kaiserslautern, hivyo timu zote mbili ziliingia kama washindi wa pili, tena kwa kupitia mchujo, ambako United iliitoa ŁKS Łódź ya Poland. Kinachochanganya, na ni kosa linaloeleweka, ni kwamba kila moja ilitwaa ubingwa wa nyumbani Mei hiyohiyo ya 1999, siku chache kabla United haijashinda 2–1 kwa mabao ya dakika za nyongeza ya Sheringham na Solskjær.