Kihariri cha msimbo kinachopanuka: milango mingapi iachwe wazi?

Anayeunda kihariri cha msimbo, yaani programu ya kuandikia programu nyingine, leo hawezi kubashiri waandishi wa programu watataka nini miaka kumi ijayo. Kwa hiyo huacha nafasi, milango, ili wengine waongeze viendelezi vyao, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo. Ugumu ni kuamua nafasi hiyo iwe pana kiasi gani.

Emacs, kihariri kilichozaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1976, ilichagua upana wote. Katika GNU Emacs, iliyotoka 1985, sehemu kubwa ya kihariri imeandikwa kwa lugha ya programu ya Emacs Lisp, na mtumiaji huibadilisha huku programu ikiendelea kufanya kazi. Hamwombi mtu ruhusa. Ndiyo sababu ingali hai. Lakini kiendelezi kibovu kinaweza kugandisha kihariri kizima, maana kihariri na viendelezi vyote vinalala chumba kimoja.

Eclipse, kihariri ambacho IBM ilikitoa kwa umma mwaka 2001, ilileta nidhamu: kila kiendelezi hutangaza kwenye faili la maelezo kinachoongeza na mahali kinapokaa. Menyu yake huonekana hata kabla msimbo wake haujapakiwa. Ni jambo dogo, lakini bila hilo viendelezi mia vingefanya uwashaji uwe adhabu.

Visual Studio Code, ya mwaka 2015, ilibana zaidi. Viendelezi huendeshwa kwenye mchakato wa pekee, kando na kihariri, na havigusi moja kwa moja vipande vya dirisha la kihariri. Wapo wanaolalamika. Mimi naunga mkono kubana, kwani chochote utakachoruhusu kiguswe, kesho yupo atakayekitegemea, na siku ukikibadilisha umemvunjia kazi. Mlango uliosahaulika unaweza kuongezwa baadaye. Uliokwisha kuzoeleka hauzibwi bila ugomvi.

Mwaka 2016 ikaja itifaki ya seva za lugha, LSP: kanuni za mazungumzo kati ya kihariri na seva, yaani programu ya pembeni inayoielewa lugha fulani ya programu. Kabla yake, vihariri 10 vikitaka kuhudumia lugha 20 vilihitaji viunganishi 200. Sasa kila lugha huandikiwa seva moja na kila kihariri hujifunza itifaki mara moja: kazi 30. Ujuzi wa lugha umetoka nje ya kihariri, hivyo kihariri kikifa seva hubaki na kutumika kwingine.

Kwa anayeanza, kipimo changu ni kimoja: jenga huduma zako mwenyewe kwa kupitia milango ileile unayowapa wageni. Ukijikuta unapita dirishani, mlango huo bado haujawa tayari kutangazwa.