Radula flaccida: mmea unaoishi juu ya jani la mmea mwingine

Epifili ni mmea unaoota na kukua juu ya jani hai la mmea mwingine. Hiyo ndiyo maana yake fupi, na inafaa kuitenganisha mapema na ile ya epifaiti, kundi pana zaidi linalojumuisha mimea inayokaa juu ya mashina na matawi, kama zilivyo okidi nyingi. Tawi la mti huweza kudumu miongo kadhaa, lakini jani, hata la mti usiopukutisha, hudumu miaka michache tu, kisha huanguka pamoja na chochote kilichojishikiza juu yake. Epifili basi huishi kwa muda uliopangwa na mwingine, na anayetaka kuelewa umbo lake na makazi yake hana budi kuanzia hapo. Mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili ni Radula flaccida, livawoti ya misitu ya mvua ya Afrika na ya Amerika ya tropiki.

Livawoti ni mimea midogo isiyo na maua wala mbegu, jamaa wa kuvumwani, na duniani zinakadiriwa kuwa na spishi 7,000 hivi. Hazina mizizi ya kweli, wala mishipa migumu ya kupandishia maji, wala vile vitundu ambavyo majani ya mimea mingi hufungua na kufunga ili kupitisha hewa. Maji huingia na kutoka kupitia uso mzima wa mwili; hewa ikikauka, mmea nao hukauka na kusitisha kazi zake, na mvua ikirudi huzianza upya. Livawoti nyingi zinazoishi juu ya majani ni za familia ya Lejeuneaceae, ambapo Radula ina familia yake yenyewe, Radulaceae, ambayo spishi zake nyingi hukaa kwenye magome na miamba.

Mtu akilitazama jani kuukuu la kichaka cha msituni kwa lenzi ya mkononi, kile alichodhani ni doa la ukungu huonekana kuwa matawi membamba yaliyolala bapa. Kila tawi lina safu mbili za vijani vilivyopandana kidogo, na kila kimoja kina unene wa seli moja tu, bila mshipa wa katikati. Kwa upande wa chini, ule unaolielekea jani mwenyeji, ukingo wa kila kijani umekunjwa na kufanya kipande cha pili kilicho kidogo zaidi. Livawoti nyingi zenye shina na vijani kama hivi zina pia safu ya tatu ya vijani vidogo chini ya shina. Radula haina hata kimoja, na hiyo ni mojawapo ya alama za haraka za kuitambua.

Alama nyingine imo katika nyuzi za kujishikiza, ambazo wataalamu huziita rizoidi. Katika livawoti nyingine nyingi zenye vijani, rizoidi hutoka kwenye shina au kwenye vijani vya ile safu ya tatu, lakini katika Radula hutoka kwenye kile kipande kidogo kilichokunjwa. Kila uzi ni seli moja ndefu, na kazi yake kuu ni kushika. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Nigeria katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba rizoidi za Radula flaccida hupenya utando wa nta unaolifunika jani, na kwamba maji na fosfeti, chumvi yenye fosforasi ambayo mimea huihitaji, huweza kutoka kwa mwenyeji na kuingia katika livawoti. Matokeo hayo yanaitia shaka ile kauli ya vitabuni kwamba epifili hukaa tu juu ya jani bila kuligusa kwa ndani. Sioni kama yanatosha kuufanya mmea huu kuwa kimelea kamili, kwa sababu una klorofili yake na hujitengenezea chakula. Lakini hauishi kwa mvua na vumbi peke yake.

Suala la muda linaonekana wazi zaidi katika namna ya kuzaana. Radula flaccida huweza kutoa spora, yaani chembe ndogo za uzazi, kutoka katika kibumba kinachopasuka vipande vinne, lakini njia hiyo huhitaji utungisho, na utungisho huhitaji maji ya kuogelea mbegu za kiume. Kuna njia ya mkato: kwenye kingo za vijani huchipuka visahani vidogo vya seli chache, vinavyokatika kwa urahisi na kurushwa na matone ya mvua. Kisahani kikiangukia jani jirani, hujishikiza na kuanza tawi jipya bila kungoja spora. Kwa mmea ambao makazi yake yatakuwa yameoza sakafuni baada ya misimu michache, njia hii ina faida kubwa.

Makazi yenyewe ni ya masharti. Kunahitajika majani laini na ya kudumu, kivuli cha wastani, na hewa inayokaribia kujaa unyevu karibu mwaka mzima. Katika Afrika Mashariki hali hizo zinapatikana hasa kwenye miteremko inayopokea upepo wa Bahari ya Hindi, kama ile ya Usambara Mashariki na upande wa mashariki wa Uluguru, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mtaalamu wa Hangaria, Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, alizichunguza kwa kina jumuiya za epifili za ukanda huu. Ncha ndefu zilizochongoka za majani ya misitu ya mvua huelezwa mara nyingi kuwa ni mbinu ya kumwaga maji ili epifili zisiote. Maelezo hayo yanavutia, ila majaribio kadhaa ya kukata ncha hizo hayakuyathibitisha.

Epifili hutoweka mapema pale msitu unapofunguliwa, kwani jua na upepo hukausha hewa ya chini kabla miti mikubwa haijaonyesha dalili yoyote. Hata kilimo kinachoacha miti isimame, kama cha iliki huko Usambara Mashariki, huondoa vichaka vya chini, yaani majani yaleyale ambayo epifili nyingi huyategemea. Vichaka vikiota tena, majani yake mapya huwa matupu, na hubaki hivyo mpaka spora au visahani vifike kutoka kwenye msitu ulio jirani, iwapo bado upo.