Samaki Wanapotaga: Yanayosemwa Mialoni na Yanayotokea Majini

Anayevua kwa ndoano kwenye bwawa la Bujagali, kwenye Mto Nile karibu na Jinja, na kujifunza mbinu zake kwenye intaneti hukutana na ushauri uleule: samaki hutaga majira ya kuchipua, barafu ikishayeyuka na maji yakianza kupata joto, hivyo wafuate kwenye kina kifupi. Ni ushauri sahihi kwa mvuvi wa Ulaya au Amerika Kaskazini. Huku Jinja ushauri huo unakupotosha. Ikweta inapita papa hapa Uganda, mchana una takriban saa 12 Januari hadi Desemba, na maji ya juu ya Ziwa Viktoria hukaa kwenye nyuzi joto 24 hadi 27 hivi karibu mwaka mzima. Hakuna baridi ya kumfanya samaki asubiri, na sato wenye mayai hupatikana mwezi wowote.

Kinachobadilika kwetu ni mvua. Zile za Machi hadi Mei, na zile zinazoanza karibu na Septemba na kuendelea hadi mwisho wa Novemba au Desemba, hupandisha maji, hufunika nyasi za kando na kusomba rutuba kutoka mashambani. Makinda wakianguliwa wakati huo hukuta chakula na maficho. Ndiyo maana utagaji huongezeka mvua zinaponyesha, hata kwa samaki wanaozaa mwaka mzima.

Kambale ndiye anayezifuata mvua kuliko wengi. Maji yakipanda, usiku huingia kwenye nyasi zilizofurika, hutaga mayai yanayonata kwenye majani, kisha huyaacha. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Kukicha utawaona watu wenye mapanga na vikapu wakiwafuata humo majanini, na ukiuliza utaambiwa hao ni samaki waliopotea njia, wangekufa tu maji yakishuka. Hawajapotea. Wamekuja kutaga, na wakiachwa wengi wao hurudi kwenye maji makubwa.

"Sato anakula watoto wake." Dhana hii inakera kuliko zote, kwa sababu inamgeuza mama mwema kuwa mchawi. Najua inakotoka: mvuvi anamnasua sato wavuni, mdomo unafunguka, na humo yanamwagika mayai ya manjano au vitoto vyenye macho makubwa. Huyo anaatamia. Dume huchimba shimo la duara kwenye mchanga wa kina kifupi na kulilinda kwa ukali. Jike huja, hutaga humo, kisha huyaokota mayai yote mdomoni na kwenda zake mahali patulivu. Kwa muda wa wiki mbili hivi huyabeba, akiyageuzageuza yapate hewa, na siku hizo hula kidogo sana au hali kabisa. Vitoto vikianza kuogelea hubaki karibu naye, na hatari ikitokea vinakimbilia tena mdomoni. Mtu akiona vikiingia humo, anadhani vinamezwa.

Sato hutaga mayai mia kadhaa, na akiwa mkubwa elfu moja au zaidi, idadi ndogo sana kwa samaki. Hana wingi wa kutegemea, anategemea malezi. Basi hebu fikiria kokoro, wavu ule wa kukokotwa, likiburutwa ufukweni juu ya mashimo hayo. Linachukua dume aliyekuwa akilinda, linamtemesha jike alichobeba, na linafukia mashimo yenyewe, yote kwa mvuto mmoja. Kokoro limepigwa marufuku Uganda, na hata lisingekuwa limepigwa, mtu anayeijua njia ya uzazi ya sato asingelitupa majini. Kupiga maji kwa rungu ili samaki wakimbilie nyavuni kuna madhara ya aina hiyohiyo.

Si sato pekee anayelea. Dume la kamongo hujenga kiota kwenye mafunjo na kukaa hapo akilinda mayai na makinda.

Sangara ana njia nyingine kabisa. Jike mkubwa hutaga mayai mamilioni, yanayoelea majini bila mlinzi yeyote, na wavuvi wengi huhitimisha kwamba samaki wa namna hiyo hawezi kwisha. Lakini karibu yote huliwa au hufa. Tena idadi ya mayai hupanda sana kadiri jike anavyokua, kwa hiyo ziwa lililobaki na sangara wadogo tu limepoteza sehemu kubwa ya mbegu yake hata kama idadi ya samaki inaonekana nzuri. Sheria inataka sangara asipungue sentimita 50, na sato sentimita 28. Kipimo hicho kitakuepusha na askari wa doria, lakini kwa sangara hakikuhakikishii kwamba samaki amewahi kuzaa: majike hukomaa wakiwa wakubwa kuliko madume, na wengi wa sentimita 50 bado hawajataga hata mara moja.

Hapo wapo wanaonijibu kwa sato: "Huyu mdogo ana mayai, basi amekomaa, mchukue." Sato akivuliwa kupita kiasi huanza kuzaa akiwa na umbo dogo, na mayai yake ni machache. Mayai ndani ya samaki wa kiganja ni dalili kwamba maji hayo yamechoka.

Sasa nije kwenye ile dhana inayorudiwa hadi na watu waliosoma: kwamba samaki wetu wa asili wote walimalizwa na sangara. Sangara, mwenyeji wa Ziwa Albert, aliingizwa Kyoga na Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alikuja kutapakaa Viktoria katika miaka ya 1980. Aliangamiza wengi, hilo halina ubishi. Lakini mwulize mzee yeyote wa upande wa Kagera habari za ningu. Ningu huishi ziwani, na mito ikijaa hupanda kwa makundi kwenda kutaga kwenye mabonde yaliyofurika, kisha hurudi ziwani. Nyavu za kutega ziliingia Ziwa Viktoria mwaka 1905, na haikuchukua muda wavuvi wakatambua kwamba mlango wa mto wakati wa mvua ndiko ningu wanakopita wote, wakiwa wamejaa mayai. Wakatega hapo. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, sangara akiwa hajaanza kazi yake. Ni sisi tulioufunga mlango ule, na wanaotega hapo leo wakisema mvua imewaletea riziki wanaendeleza jambo lilelile.

Dhana ya mwisho inahusu mabwawa yenyewe. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954 lilizamisha maporomoko ya Ripon, na tangu hapo maji yanayotoka Ziwa Viktoria hupimwa na binadamu. Bujagali lilifuata mwaka 2012, Isimba mwaka 2019. Kila mara ilisemwa kwamba maji yakitulia samaki wataongezeka. Sato hunufaika kweli na maji yaliyotulia. Kisinja, samaki mwingine wa asili wa maji haya, hanufaiki: yeye hutaga kwenye changarawe ambako maji yanakwenda kasi, na hapo pakizama chini ya bwawa hana pa kutagia, wala hawezi kuruka ukuta kwenda kutafuta pengine. Tena kina cha bwawa la umeme hupanda na kushuka kwa kufuata mitambo, na shimo la sato lililochimbwa ukingoni jana laweza kuwa nchi kavu leo.

Kwa hiyo, ukienda na ndoano mvua zikinyesha, tafuta sangara kwenye kina kirefu kutoka mtumbwini, na ukingo wenye nyasi uuache. Maji yakiwa maangavu ukaona miduara ya mchanga imepangana, usitupe chambo hapo: dume atakimbilia ndoano kwa hasira ya kulinda, na ukimtoa shimo lake litabaki bila mwenyewe.